Leso ya Kale Katika Dirisha la Duka

Uhakiki si kazi ya vitabu peke yake. Mtu aliyezoea kusoma shairi kwa makini, akajiuliza kila neno limewekwa mahali pake kwa sababu gani, anao uwezo wa kusoma vitu vingine vingi ambavyo mikono ya wanadamu imevipanga ili vitazamwe: bustani, chumba cha wageni, meza ya karamu, na dirisha la duka. Kila kilichopangwa kwa kusudi kina maana, na kila chenye maana chaweza kupimwa kama chasema kweli au uongo. Katika insha hii nakuomba, msomaji, usimame nami mbele ya maduka madogo yauzayo nguo za zamani katika pwani ya kusini ya Kenya, tokea Diani na Ukunda hadi Msambweni, tuyasome kama tusomavyo maandishi.

Kwanza tuyatazame maneno, maana neno ni mlango wa fikira. Kiswahili hakina jina moja tu kwa nguo isiyo mpya. Nguo kuukuu ni ile iliyochakaa, ambayo mwenyewe anaiona haya. Nguo ya mtumba ni ile iliyovaliwa na mtu wa mbali, ikafungwa pamoja na wenzake katika mzigo mkubwa, ikavuka bahari, ikafunguliwa sokoni. Nguo ya zamani ni ile ambayo umri wake umekuwa sifa yake; watu huitafuta kwa sababu si ya leo. Ajabu ni kwamba nguo moja yaweza kupita katika majina yote matatu pasipo kubadilika hata uzi mmoja. Gauni lililoshonwa Ulaya miaka 50 iliyopita laweza kutupwa na mwenyewe kwa kuwa kuukuu, likaletwa Kongowea, Mombasa, likiwa mtumba, likachaguliwa na mtu mwenye jicho kali, likafuliwa, likapigwa pasi, likatundikwa peke yake katika duka dogo kando ya barabara ya Diani, na hapo likanunuliwa na mgeni aliyetoka nchi ileile iliyolitupa. Sasa linaitwa la zamani, na bei yake imepanda.

Ni nini kilichobadilika? Nguo ni ileile. Kilichobadilika ni nafasi inayoizunguka. Katika chungu la nguo mia juu ya turubai, gauni hilo lilikuwa moja katika wengi, na jicho la mnunuzi lilipita juu yake kama mguu upitavyo juu ya changarawe. Katika dirisha, likiwa peke yake na ukuta mweupe nyuma yake, limepewa heshima ya kutazamwa. Wahenga walisema: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina hekima yake, lakini apangaye duka anajua kwamba hata kizuri huhitaji mahali pa kusimama ili kionekane. Kwa hiyo apangaye duka ni mhakiki wa kwanza. Amekwisha kuhukumu kabla yetu: hiki kistahili kuonekana, hiki kisistahili; hiki kiwe mbele, hiki kiwe nyuma. Kazi yetu ni kuuliza kama hukumu yake ni ya haki.

Nimechagua kuipima hukumu hiyo kwa nguo moja hasa, nayo ni leso, kwa kuwa hakuna nguo ya pwani inayoonekana zaidi katika maduka hayo, wala iliyo rahisi zaidi kukosewa. Leso ina historia ipasayo kujulikana na kila mtu anayeitundika. Katika karne ya 19 biashara ya ng'ambo ilileta pwani yetu vitambaa vya mkono vilivyopigwa rangi, na jina leso limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha namna hiyo. Vilikuja vikiwa vimeshikana katika jora moja. Yasimuliwa kwamba wanawake wa Unguja na Mombasa walikata vitambaa vitatu vitatu, wakaunganisha safu mbili kwa mshono, wakapata nguo moja pana ya vitambaa sita, iliyotosha kujifunga mwilini. Hizo ndizo leso za kushona. Wafanyabiashara walipoona kwamba wanawake wamebuni nguo mpya, waliagiza kitambaa kizima kilichopigwa chapa pamoja na pindo lake. Nguo hiyo iliitwa kanga pia, kwa madoadoa yaliyofanana na ya ndege wa jina hilo. Lakini katika pwani ya Kenya jina la leso halikufa.

Baadaye leso ilipata ulimi. Maneno yalianza kupigwa chapa juu yake, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi, na maneno hayo yakaitwa jina la leso. Huko Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanzishwa mwaka 1887, lilijulikana sana kwa leso zenye alama ya Mali ya Abdulla. Nguo zenyewe zilichapwa Ulaya, Uhindi na Japani, na baadaye katika viwanda vya Afrika Mashariki kama kile cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968.

Nawe usidhani kwamba rangi hizo zilipendwa kwa ajili ya uzuri tu. Kabla yake wanawake wengi wa hali ya chini, na hasa waliokuwa watumwa, walivaa merikani nyeupe au kaniki nyeusi. Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Wanawake waliopata uhuru waliiweka kaniki kando, wakajifunga nguo ya rangi. Leso kwao ilikuwa tangazo: mimi ni mtu kama wewe. Mwenye kujua habari hii hawezi tena kuitazama leso ya kale kana kwamba ni pazia.

Sasa tushike vipimo vitatu. Cha kwanza ni ukweli. Duka likisema nguo ni ya kale, na iwe ya kale. Kipande kilichochapwa mwaka jana hakizeeki kwa kuwekwa juu ya kasha lenye misumari ya shaba, wala kwa kuzungukwa na taa ya kandili na kibao cha mbuzi. Vitu hivyo vikikusanywa dirishani husema kwa sauti moja, "Hapa ni zamani," hata kama hakuna kimoja kilichotumika nyumbani mwa mtu. Huo ni uongo usiotamkwa, na uongo usiotamkwa ni mgumu kukanushwa. Lakini mtazamaji mwenye makini hana haja ya kudanganyika. Leso yenyewe ina ushahidi wake. Tazama kama jina lake ni la herufi za Kiarabu au za Kirumi. Tazama alama ya mwenye kuagiza. Tazama kama kuna mshono katikati. Tazama kama inakumbusha tukio, maana leso hufuata mambo ya ulimwengu: baada ya uchaguzi wa Marekani wa mwaka 2008 zilitoka leso zenye picha ya Barack Obama, na mwenye kuiona leo anajua mara moja ni ya miaka gani. Mwishowe tazama uchakavu wenyewe. Nguo iliyovaliwa hupauka mahali ilipokunjwa na ilipofungwa. Nguo iliyopaushwa kwa hila hupauka popote.

Kipimo cha pili ni ukamilifu. Leso ina sehemu tatu: pindo linalozunguka kando zote, mji ulio katikati, na jina lililoandikwa ndani ya mji kuelekea upande mmoja mrefu. Tena huuzwa mbili mbili zilizo sawa, ziitwazo doti: moja ya kujifunga kiunoni, moja ya kujitanda. Basi tazama namna inavyotundikwa katika maduka mengi ya barabara ya wageni. Hukunjwa mara nne ili rangi za pindo zing'ae, na jina likabaki ndani ya mkunjo. Au hukatwa ikawa foronya ya mto, na mkasi ukapita katikati ya maneno. Au kipande kimoja huwekwa hapa na mwenzake pale, kama ndugu waliotenganishwa. Macho hufurahi, lakini nguo imezibwa mdomo.

Huenda ukasema, "Mgeni hajui Kiswahili, jina litamfaa nini?" Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu. Mgeni hajui Kiswahili, lakini anajua kwamba maandishi ni maandishi. Akiona maneno atauliza maana yake, na muuzaji atajibu, na hapo ndipo biashara inapogeuka kuwa mazungumzo. Ingia katika duka la leso la kawaida linalouzia wenyeji, uone tofauti. Doti zimepangwa ili majina yasomeke. Mnunuzi husema, "Nifungulie ile," nayo hufunguliwa yote juu ya meza. Mara nyingi rangi humpendeza lakini jina likamrudisha nyuma, maana hawezi kumpelekea mkwewe maneno yasiyofaa. Duka hilo halina taa za urembo wala sanamu za kuvishwa nguo, lakini limeielewa bidhaa yake kuliko yale yenye vioo virefu.

Jina la leso si pambo. Kwa vizazi vingi lilikuwa njia ya mwanamke kusema lile ambalo adabu ilimkataza kulitamka. Chukua maneno mafupi kama Wema hauozi. Mama akimpa binti yake anayeolewa, ni wasia. Mke akijifunga mbele ya mume asiyeshukuru, ni lawama. Jirani akijitanda baada ya kusaidiwa, ni shukrani. Maneno ni yaleyale, lakini mvaaji, mahali na siku ndivyo viyapavyo maana. Wanawake wengi wa pwani ya zamani hawakuandika vitabu, wala hakuna aliyewauliza mawazo yao. Walichochagua kukivaa ni sehemu ya maandishi waliyotuachia. Anayelikunja jina la leso ya kale akalificha anakunja ukurasa wa kitabu kisicho na nakala nyingine.

Kipimo cha tatu ni majira, yaani kama duka linajua liko wapi na ni wakati gani. Kila mwaka, ifikapo Desemba, madirisha kadhaa ya maduka ya pwani hupambwa kwa pamba nyeupe iliyotandazwa kuiga theluji. Nje ya kioo upepo wa kaskazi unavuma, jua ni kali, na maembe yamejaa sokoni. Ndani ya kioo ni baridi ya Ulaya. Silaumu furaha ya sikukuu, wala sisemi kuwa ni haramu kuwaza nchi nyingine. Nasema kwamba pambo hilo halikuzaliwa na kitu chochote kinachoonekana mahali hapo. Mgeni aliyeikimbia theluji kwao amevuka bahari kuja kuonyeshwa pamba, na mtoto wa Ukunda amefundishwa kwamba furaha ina hali ya hewa isiyo ya kwao.

Kweli ni kwamba pwani ya kusini ina kalenda tatu, na duka lenye busara lingezifuata zote. Ya kwanza ni ya pepo. Kaskazi huleta wageni wengi kuanzia Desemba hadi Machi. Mvua za masika na kusi kikali huwapunguza tangu Aprili hadi Juni, na hoteli nyingine hufunga milango. Kisha hurudi mnamo Julai na Agosti. Ya pili ni ya mwezi. Ramadhani na Idi hurudi nyuma kwa siku zipatazo 11 kila mwaka wa jua, kwa hiyo Idi ya mwaka huu haitakuwa katika hali ya hewa ileile baada ya miaka 10. Ya tatu ni ya wenyeji katika kazi na masomo yao: Januari ya sare za shule, miezi ya arusi, na wakati wa mavuno. Duka linalojua kalenda ya wageni peke yake huvuna na kufa pamoja nao. Mwaka 2020, safari za ndege za abiria kutoka nchi za nje ziliposimamishwa Kenya tangu Machi hadi tarehe 1 Agosti, dirisha lililopambwa kwa ajili ya mgeni tu lilikosa macho ya kulitazama.

Hebu wazia dirisha moja linalofuata kalenda zetu. Siku za arusi liwe na kisutu, ile leso ya rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe iliyo maarufu katika arusi za pwani, na kando yake karatasi ndogo yenye maneno machache ya kueleza desturi hiyo. Kabla ya Idi liwe na kanzu na kofia za kale zilizotiwa uzi kwa mkono. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, liwe na vikoi vizito. Hayo hayahitaji fedha nyingi. Yahitaji ujuzi wa mahali. Na mahali pana nguvu ya kuipa nguo maana. Si mbali na maduka ya Diani uko msitu wa Kaya Kinondo, mmoja wa misitu ya kaya za Wamijikenda iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni aingiapo humo hufungwa nguo nyeusi kiunoni kwa heshima ya mahali. Weusi ule ule ambao katika kaniki ulikuwa alama ya unyonge, katika kaya ni alama ya adabu. Nani angeyajua hayo kwa kutazama kitambaa kilichotupwa kitini bila neno?

Kuna hoja mbili za upande wa pili ambazo sipendi kuzipita. Ya kwanza yasema kwamba duka si jumba la makumbusho. Mwenye duka ana kodi ya kulipa na watoto wa kulisha. Ni kweli. British Museum ya London ilipoonyesha vitambaa vya Afrika mwaka 2013, zikiwamo kanga, haikuhitaji kumwuzia mtazamaji hata kimoja. Lakini sidai makumbusho. Nadai karatasi ndogo yenye jina la leso, maana yake, na wakati wake kama unajulikana. Kalamu na karatasi si gharama itakayomwangusha mtu. Tena nadai leso ya kale isitundikwe mahali jua linapoingia moja kwa moja, wala isipigiliwe misumari, maana jua huichuja rangi na msumari huipasua nyuzi zilizochoka, na chumvi na unyevu wa bahari huleta ukungu. Mambo haya yote humfaa mwenye duka mwenyewe, kwa kuwa nguo yenye habari na uzima huuzwa vizuri kuliko isiyo nayo.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi. Yasema kwamba leso haikuwa kitu kitakatifu kisichoguswa. Yenyewe ilizaliwa kwa kukatwa na kuunganishwa. Kama bibi zetu walikata vitambaa vya ng'ambo wakavifanya vyao, kwa nini mwenye duka wa leo asikate leso akaifanya mto? Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Utamaduni usiobadilika ni maiti. Lakini angalia namna wanawake wale walivyokata. Walikata kwa kujua walitakalo. Walichukua kitu kidogo wakakifanya kikubwa, walichukua kitambaa bubu, na kwa mkono wao kikawa nguo iliyokuja kusema. Akataye leso ya kale katikati ya jina lake huenda kinyume: huchukua kilichosema akakifanya bubu. Akiwa na leso mpya zichapwazo kwa maelfu, na akate apendavyo, hapana hasara. Akiwa na moja iliyobaki, na aisome kwanza.

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wazee, wakitucheka kwa kupenda mageni. Siku hizi twaweza kuongeza kwamba hata cha kale kina unyemi wake wa hatari: chaweza kupendwa kwa ukale wake tu, kisijulikane. Kupenda bila kujua ni nusu ya heshima, nayo nusu hiyo hununulika kwa fedha. Nusu nyingine hupatikana kwa kusoma.

Basi, msomaji, kazi yako ni nyepesi na haina ada. Katika nyumba nyingi za Kwale, na kwingine pwani, liko sanduku la bibi au la mama ambamo leso zimelala pamoja na harufu ya udi na asmini. Omba ruhusa kwa adabu, ukae naye anapolifungua. Soma jina la kila leso. Muulize alipewa na nani, mwaka gani, kwa sababu gani, na aliivaa siku ipi. Andika majibu katika daftari lako, neno kwa neno. Siku nguo hizo zikifika dukani, maana nyingine zitafika, awepo mtu mmoja awezaye kusimama mbele ya dirisha akamwambia mwenye duka, kwa upole na kwa ujuzi, kwamba leso aliyoikunja ina jina, na jina hilo linasomeka hivi.